Mwisho wa Upande wa Pili

Baba yangu alikuwa na kiburi cha masikio. Wengine hujivunia mali, wengine hujivunia watoto. Yeye angekukatiza maneno katikati ya habari ya maana ili akueleze kwamba feni yako inavuma vibaya. Kazi yake ilikuwa kusawazisha sauti za piano. Ndiyo, kuna watu wanaokula kwa kazi hiyo, ingawa shuleni nilichoka kueleza, nikaanza kuwaambia wenzangu kuwa baba ni seremala. Piano za mjini kwetu hazikuwa nyingi: za shule, za makanisa, za hoteli mbili tatu, na za wazee wachache waliorithi kitu wasichojua kukitumia. Zote zilipita mikononi mwake. Watu walimpa jina la Sikio, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lolote alilowahi kushonewa.

Mama alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Alisimama kutwa kwenye mvuke akinyoosha mashati ya watu wasiomsalimia. Mwenye duka lile aliweka redio kaseti kwenye kaunta ili wateja wasiboreke, na kwa muda mrefu kanda iliyopigwa ilikuwa moja tu: mtu mmoja na piano yake, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, hakuna haraka. Mwenye duka alipoichoka, mama akaiomba. Akaja nayo nyumbani kwenye mkoba, imefungwa katika leso.

Tangu siku hiyo makao ya kanda hiyo yakawa jikoni, juu ya kabati la vyombo, kando ya redio kaseti yetu. Mama akirudi kazini anavua viatu, anaweka kanda, ndipo anaulizia nani ameoga na nani hajaoga. Baba hakuipenda hata chembe.

"Huo nao ni muziki?" angesema kutoka sebuleni. "Huyo mtu kaangusha kitu chini ya kiti, anakitafuta."

"Mwache atafute," mama alimjibu. "Na wewe ungekuwa unatafuta taratibu hivyo, miwani isingekupotea kila siku."

Mimi nilikuwa upande wa baba, nakiri bila aibu. Nilitaka nyimbo za kuchezea, zenye maneno na kelele. Siku moja, nikiwa msichana mwenye mdomo, nikamuuliza mama anapata nini kwenye kitu kisichofika popote. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Mwanangu, kutwa nzima watu wananiambia. Kola hii, mkunjo ule, fanya haraka. Nikiwasha redio, nayo inaniambia: nipende, nisamehe, nirudie. Huyu haniambii kitu. Ananisogezea kiti, ananiacha nikae."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo hadi leo, na nimewasikia wasomi wakijaribu. Muziki wa namna ile unachekwa sana. Wanauita wa kulalia, wa kusubiria daktari wa meno. Lakini nenda kwa huyo daktari wa meno utaukuta, nenda wodi ya wagonjwa utaukuta, na binti yangu akikaa kusoma kwa ajili ya mtihani anauweka kwenye simu, wala hajui kwamba bibi yake alimtangulia. Zile nyimbo zangu za kuchezea hata majina siyakumbuki. Hasira hunishika kidogo nikifikiria hilo, maana nilizigombania sana.

Kulikuwa na mahali pamoja kwenye kanda ile ambapo mama alikuwa hataki mtu aongee. Ni mwisho wa upande wa pili. Mkono wa mpigaji unaanza kupanda, unaziacha sauti nzito, unakwenda juu na juu zaidi mpaka kwenye vibao vya mwisho kabisa vya upande wa kulia, ambavyo wapigaji wengi hawavigusi mwaka mzima. Huko juu anapiga kiwimbo kidogo, polepole, anakirudia, basi. Mama alisimama palepale alipo, mkono ameuinua tunyamaze, mwiko hewani, mchuzi ukidondoka sakafuni.

"Mzee, njoo usikie mwisho!"

"Nakuja," baba anajibu. Yuko sebuleni anachonga vinyundo vya ndani vya piano ya mtu, ameviweka kwenye gazeti.

Hakuja. Akija, kanda imeshakwisha zamani, naye anauliza kama chakula kimeiva. Miaka ikaenda hivyohivyo, mmoja anaita na mwingine anakuja.

Kisha mama akaanza kuugua kifua, na baba akaanza kulalamika. "Mama yenu siku hizi anaongea na shingo yake," aliniambia. "Ananong'ona na nani? Mimi niko huku." Mama aliomba radhi, akarudia alichosema, akavuta pumzi, akarudia tena. Alidhani ni ugonjwa umemla sauti. Nami nilidhani hivyo. Nilimwambia, "Baba, mvumilie, mama anaumwa." Nani angeyashuku masikio ya Sikio?

Wakati huohuo mwalimu wa muziki wa ile shule kubwa alipiga simu, kwa adabu zote, akasema piano iliyosawazishwa juzi inakera huku juu. Sauti za mwisho zimevutwa mno. Baba alifoka. Ni unyevu, alisema, na ni hao wanafunzi wanaoipiga kama wanapasua kuni. Wateja wengine hawakupiga simu kulalamika. Waliacha tu kupiga.

Siku ya mwisho tuliyokaa na mama hospitali, ilikuwa mchana, wodi imetulia, mapazia yamevutwa kwa ajili ya jua. Alimwita baba kwa kidole. Baba akainama. Mama akasema maneno yake, sauti nyembamba lakini kamili, na mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda nakunja khanga yake, nikasikia neno kwa neno. Nitayasema yalikuwa nini. Baba akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono, akasema, "Ndiyo. Ndiyo." Mama akatabasamu, akafumba macho apumzike. Asubuhi yake, wakati chai ya wagonjwa inapitishwa, akatuacha.

Ndugu walipokwisha kutawanyika, baba alibaki na nyumba na ile redio kaseti. Hakuigusa kwa muda mrefu. Nikawa napita jioni nikitoka kazini, nampikia, tunakula pamoja. Halafu jioni moja nikafungua mlango nikasikia piano jikoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama, uso ameuelekeza kwenye spika. Aliponisikia aliinua mkono: kimya. Nikaenda kuvua viatu na kutundika mwavuli. Niliporudi alikuwa amekwisha kuizima.

"Umefutika," akasema.

"Nini?"

"Mwisho. Pale alipokuwa ananiitia. Mkono unapanda, unapanda, halafu hakuna kitu. Kanda imeliwa pale." Akaitoa, akaigeuzageuza. "Nimechelewa hata kwa hili."

Nilimwamini. Ningeachaje kumwamini? Kanda ilikuwa kuukuu, na aliyesema ni Sikio mwenyewe. Niliona jinsi mabega yalivyomshuka, na nikaona kwamba kile kiwimbo kidogo alichokipuuza miaka yote sasa ndicho alichokitaka kuliko kitu chochote kilichobaki duniani. Kwa siku kadhaa aliifungua redio ile, akasafisha kichwa chake cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti, akabadilisha mkanda wa mpira, akaazima redio ya jirani, kisha ya jirani wa pili. Zote alizilaani. Mwisho nikamwambia twende kwa fundi redio, yule mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, labda ana mashine nzuri zaidi.

Fundi alitupokea vizuri. Meza yake ilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na pembeni alikaa mwanamke aliyekuwa anasubiri pasi yake. Baba akaeleza tatizo kwa urefu, kama mtaalamu kwa mtaalamu. Fundi akaweka kanda kwenye mashine yake kubwa, akaisogeza mpaka karibu na mwisho, akaiachia.

Mkono ukaanza kupanda. Fundi akaweka bisibisi chini. Ukapanda, ukapanda, na pale juu kabisa nikakisikia: kiwimbo cha mama, chote, kidogo na safi, hakijapungua hata sauti moja. Nilikuwa nimekisikia maelfu ya mara nikiwa nafikiria mengine. Siku hiyo kiliniingia mpaka ndani.

"Mmeona?" baba akasema. "Hapo hapo. Umefutika."

Fundi akafungua mdomo. "Mzee, mbona..." Akanitazama mimi, akaufunga.

Sijui uso wangu ulifanya nini, lakini baba aliuona. Hakuwa mjinga, Mungu amweke. Akanitazama, akamtazama fundi, akamtazama yule mwanamke wa pasi, ambaye macho yake yalikuwa bado kwenye spika na kichwa amekiinamisha kidogo upande.

"Bado inalia?" baba akamuuliza.

"Bado, baba," mwanamke akajibu, hajui lolote. "Inalia vizuri kweli."

Baba akangoja mpaka mashine ilipojizima yenyewe. Akaomba kanda yake, akamshukuru fundi, akanishika mkono tukatoka. Njia nzima nilitembea najifanya naangalia magari.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye Kikongwe. Hilo ndilo jina la piano yetu. Aliiunda mwenyewe kutokana na piano tatu zilizokufa. Akaanza kugonga vibao vya mwisho vya kulia, kimoja kimoja, kwa nguvu. Nikiwa mlangoni nilisikia sauti kali, zimevutwa mno, zinachoma meno. Yeye alikuwa anasikia mti ukigonga mti. Akashuka, akashuka, mpaka akafika mahali akasimama.

"Naanzia hapa," akasema. Akaacha kidole juu ya kibao hicho. "Ile shule, basi, walisema kweli."

"Ndiyo, baba."

"Na kanisa. Na ile hoteli." Akafikiri. "Na mama yenu hakuwa ananong'ona."



"Siku ile hospitali," akaendelea, bado amenipa mgongo. "Aliniita, akaniambia kitu, nikasema ndiyo. Sikusikia hata neno. Nilimwona anachoka, nikaona haya kumwomba arudie. Nikadhani anataka maji, au ananiagiza nifunge dirisha. Wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

Ningeweza kumpamba. Ningesema, alisema anakupenda, alisema usilie, na angenishukuru. Lakini huyu alikuwa amedanganywa vya kutosha na masikio yake mwenyewe.

"Alikuuliza kama umewahi kuusikia ule mwisho," nikasema. "Hata siku moja tu, ukiwa huko sebuleni kwako. Ukamwambia ndiyo."

Baba akaweka kiganja mdomoni.

"Akafanyaje?"

"Alitabasamu, baba. Si ulimwona? Akasema, basi sawa."

Akalia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia namna ile, hata makaburini, na mimi nikalia palepale mlangoni, mkoba begani, viatu miguuni. Alikuwa amemdanganya mke wake kitandani bila kukusudia, na uongo huo ndio ulimpa usingizi. Sijui mtu anafanya nini na kitu kama hicho. Hakuna wa kumwomba radhi, wala hutaki kuufuta.

Alipotulia akajisogeza kwenye benchi la Kikongwe, akaacha nafasi.

"Kaa. Upige ule mwisho. Kama siusikii, ushushe. Endelea kuushusha."

Nilikuwa nimeacha masomo yake ya piano zamani, kwa ugomvi, lakini kiwimbo kile sikuhitaji kufundishwa. Nilikulia nacho jikoni. Nikakipiga mahali pake, kule juu. Akatikisa kichwa. Nikashusha. Akatikisa kichwa, macho ameyafumba. Nikashusha tena, na tena, mpaka karibu na katikati ya piano. Kule chini kilikuwa kitu kingine kabisa. Ule wembamba uliomsimamisha mama na mwiko wake ulikuwa umepotea. Ilibaki kama sauti ya mtu anayejiimbia huku anafanya kazi. Nilitaka kumwambia, baba, si huu, ungeusikia kule juu ungeelewa.

Lakini alikuwa ameinua mkono, ninyamaze, hivyohivyo kama mama alivyokuwa akiuinua. Nikapiga mpaka mwisho, nikarudia kama kanda inavyorudia, nikaondoa vidole.

Baba akaendelea kusikiliza hata sauti ilipokwisha. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni.

"Ndiyo," akasema. "Nimeusikia."