Niliimba namba yangu ya simu kwenye wimbo, laini ikaishia kwa mama muuza mchele Ushirombo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Nipo Shinyanga, huku Kambarage, na uzi huu ni wa madogo mnaochipukia kwenye muziki. Yamenikuta mimi mwenyewe na chumvi sijaongeza.

Mimi ni mwimbaji wa harusi. Naimba Kiswahili nachanganya na Kisukuma, nawataja wazazi wa pande zote mbili kwa majina, watu wanacheza mpaka vumbi linapanda.

Kwa wasiojua, huku kwetu msanii anaimba namba yake ya simu ndani ya wimbo. Tarakimu zote kumi, na kiitikio kinazirudia. Wa Dar mcheke tu.

Wimbo unaingizwa kwenye memori kadi pale stendi, unafika mpaka machimboni ambako hakuna anayehangaika na bando. Mwenye harusi akiupenda, anakupigia.

Wimbo wangu wa kwanza ulipokelewa vizuri, simu zikaanza kumiminika. Hapo ndipo nikajiona staa.

Mtu akipiga, nasema nipo bize, nicheki baadaye. Akiuliza bei, namuuliza kama anajua anaongea na nani. Nikikumbuka naona aibu hadi leo.

Nikaenda Geita kuchimba, natafuta hela ya video. Simu ikadumbukia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Ndiyo ikawa kwaheri.

Nikasema nita-renew laini. Kumbe niliisajili kwa alama za vidole za mshkaji wangu, maana kitambulisho changu kilikuwa bado hakijatoka, na mshkaji kashahamia Kongo. Nikaachana nayo, nikanunua laini nyingine.

Miezi ikapita. Wimbo nausikia kwenye kila bodaboda, lakini wa kuniita kuimba hakuna hata mmoja.

Niliumia sana wakuu. Nikarudi nyumbani, nikatafuta mteja wa kinanda changu. Kwaya moja ikasema itakuja kukichukua Jumamosi. Bila kinanda, mimi na muziki ndiyo basi.

Alhamisi nikawa na mizunguko Maganzo. Muuza chipsi mmoja akanidaka.

"Kaka, umesharudi safari? Aisee, shemeji ana lugha nzuri. Nimepiga juzi kuulizia harusi ya mdogo wangu, kanijibu vizuri kuliko ulivyokuwa unatujibu wewe."

Shemeji? Mimi sijaoa.

Nikaipiga namba yangu ya zamani palepale. Ikaita. Akapokea mama wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Harusi yako ni lini, na ni kijiji gani?"

"Mama, mimi siyo mteja. Mimi ndiye niliyeuimba huo wimbo."

Akalipuka.

"Ndiyo wewe! Bhabha, umenitesa! Hii laini nimeinunua mwenyewe hapa Ushirombo, nauza zangu mchele, napigiwa simu za harusi mpaka kanisani. Padri kanikazia macho misa nzima!"

Kumbe laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaiuza upya kwa mwingine. Nikaomba radhi. Nikamuuliza kwa nini asiwakatie tu simu.

"Nitamkatiaje mtu mwenye harusi? Nawaambia mwimbaji kasafiri, akirudi tutawajulisha. Wanne bado wanakusubiri."

Wakuu, alikuwa amewa-save wote. Harusi Runzewe, Harusi Masumbwe, Harusi Katoro, na Harusi Maganzo ya yule muuza chipsi. Kila mmoja kamuuliza tarehe, majina ya wazazi, na kama kijijini kuna umeme. Miaka yote kwenye gemu sijawahi kuuliza habari za umeme, na kuna siku niliimba bila spika!

Nikapiga simu kwa kwaya, nikawaambia kinanda hakiuzwi tena.

Harusi ya Runzewe huyo mama, Mama Kulwa, alikuja na kitenge kipya kumkagua aliyemsumbua. Nilipoanza kuimba alicheza kumzidi mama wa bwana harusi. Siku hizi ndiye meneja wangu, tumeandikishana kabisa, na kila shoo ana fungu lake.

Madogo, laini ya kazi sajili kwa kitambulisho chako. Na pokea simu kama mtu anayeitaka kazi, maana unaitaka. Halafu acheni kutafuta meneja mwenye miwani ya jua na gari la kuazima. Tafuteni anayejua kuongea na watu.

Wenye uzoefu wa mameneja shusheni comment, na wa kuponda pia karibuni.

Mwezi uliopita nilijitia ujasiri, nikamwomba Mama Kulwa anirudishie namba yangu, kwa kuwa sasa nimekua. Hakukasirika hata kidogo.

"Bhabha, watu wamezoea kupokelewa na mimi. Wewe kaimbe."

Nikaenda kuimba.