Zunguka Nyuma Kwanza

Siku niliyorudi Misugusugu kutoka Tunduma naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza hata habari za safari. Nilimkuta dada yangu Zuhura mbele ya kompyuta ya nyumbani, macho mekundu. Ilikuwa inawaka, inaunguruma kidogo, kisha inazima kabla haijafunguka. Ndani yake kulikuwa na ripoti yake ya chuo, kazi ya muhula mzima, ya kukabidhiwa kesho yake. Hakuwa na nakala popote pengine.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miguu myepesi, simalizi mwezi mahali pamoja. Kutembea kwingi ni kuona mengi, na huko Tunduma nilikuwa nimemwona jamaa mmoja akifufua kompyuta kwa kupiga windo upya, yaani kufuta kila kitu na kuanza moja. Nikarudi na CD yake begini. Nikamwambia Zuhura asihangaike, dawa ninayo. Akaniuliza kama ripoti itabaki. Nikamjibu kwamba hayo tutayaona mbele ya safari.

Mama, aliyekuwa akitusikia, alimpigia simu kaka yake, Mjomba Sefu, fundi redio wa Kisarawe, na mimi akanikataza kugusa kitu mpaka afike.

Mjomba aliingia alasiri. Tulimwamkia, akaitikia, akaomba maji, akanywa taratibu huku Zuhura akitafuna kucha. Kisha akamwuliza yeye, si mimi, kwa maana nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Ilianza lini? Zuhura akasema ni tangu walipofanya usafi wa Idi na kupamba sebule. Ukiiacha ipumzike, inakuwaje? Inakaa kidogo zaidi ndipo izime.

"Basi haijafa," alisema Mjomba. "Maiti hapati nafuu kwa kupumzika."

Nikaona zamu yangu imefika, nikatoa CD. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Mpwa wangu, unataka kumvisha sanda mtu ambaye hujamshika hata paji la uso?"

Nikajitetea kwamba nimeshaangalia, kioo kinawaka na waya umekaza.

"Umeangalia mbele. Wewe Tunduma umefika, lakini nyuma ya kompyuta hujafika."

Zuhura akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Mimi nikazunguka nyuma.

Boksi la kompyuta lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mama alikuwa amekifuma mwezi mzima wa Ramadhani, akakitia nyuzi ndefu pindoni, na nyuzi hizo zilining'inia mpaka kwenye matundu ya hewa. Nikaweka kiganja. Palikuwa pa moto kama ubavu wa sufuria ya uji. Mjomba akaniambia nichomoe waya ukutani, tusubiri ipoe, ndipo tufungue ubavu wake. Tulipofungua tuliikuta feni imekwama. Uzi mmoja mweupe ulikuwa umejiviringisha kwenye mapanga yake, na vumbi likaugandamiza. Mashine ilikuwa ikijizima isije ikaungua. Ilikuwa inajiokoa, nami nilitaka kuifuta kumbukumbu yote.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona ule uzi kabla yeyote hajasema neno.

"Kumbe ni mimi," alisema polepole.

Mjomba hakumkatalia, wala hakumlaumu. Alikikung'uta kile kitambaa, akakikunja, akampa kwa mikono miwili.

"Dada, mashine haina macho ya kuuona uzuri huu. Kitandike mezani kwa chai, tukione sisi wenye macho."

Mama akakipokea, akaenda kubandika chai. Mjomba akaukata uzi kwa kiwembe, akapangusa vumbi kwa brashi. Tulipowasha, kompyuta ilifunguka mpaka mwisho, na ripoti ilikuwapo. Hata hapo hakuturuhusu kushangilia. Alimwagiza Zuhura kwanza ainakili kwenye flashi, ndipo akavuta kiti mezani.

Mwanangu, kompyuta yako ikigoma kuwaka, usianze na dawa usiyoweza kuitangua. Mwulize anayeitumia ni nini kilichobadilika. Tazama waya, chomoa flashi iliyosahaulika, sikiliza feni, gusa joto. Kufuta ni jambo la mwisho, na kazi yako iwe na nakala kabla ya ugonjwa, si baada yake. Na ukigundua kwamba aliyekosea alikosea kwa upendo, mrudishie kitambaa chake kimekunjwa vizuri. Mashine moja isikuharibie nyumba.

Mimi bado natembea, miguu haijakubali kutulia. Lakini kila nifikapo penye tatizo, nazunguka nyuma kwanza.

Mungu akupe mkono usio na pupa, akulindie kazi yako, na akujaalie kila utakachokitengeneza kiwake pamoja na nyuso za waliomo nyumbani.