Sentensi ya Baba

Tangu mama yake afariki, Eliona ndiye anayemwogesha baba yake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza hapa Kirua Vunjo, na kumkatia ng'ombe majani. Leo amemkuta kibarazani akiwafundisha wajukuu neno la kizamani, gainsay, yaani kukana. Mzee akalitungia sentensi ubaoni, kisha akawatafsiria.

"Hakuna awezaye kukana kwamba kihamba hiki, shamba letu la ukoo, migomba na kahawa yote, ni cha Godwin."

Godwin, mdogo wake Eliona wa kiume, yuko Dar. Hata simu hapigi.

Eliona akatua mzigo wa majani.

"Na mimi nina yangu, baba. Hakuna awezaye kukana kwamba una binti."

Mzee alimtazama kidogo.

"Sahihi," akasema, akafuta ubao.