Mgeni wa Bafuni

Fundi saa wa mtaa wetu anaitwa Dakika. Hata mkewe humwita hivyo. Sebuleni kwake ana tangi la kioo lenye maji ya chumvi, lita mia mbili na arobaini, na ndani yake samaki saba, kamba wawili na konokono kadhaa. Mkubwa wao ni samaki wa njano, mpana kama kiganja, ambaye amekaa naye miaka tisa. Jina lake Mama Mwenye Nyumba, kwa sababu wenzake hawapiti pembe yoyote bila ruhusa yake.

Zamani Dakika aliwahi kumtia samaki mpya humo siku ileile aliyomnunua. Katika wiki moja akazika watano. Tangu hapo kila mgeni hukaa karantini siku thelathini, katika tangi dogo juu ya stuli bafuni. Wavu wake ni mwingine, kikombe chake kingine, na anayegusa maji yale hunawa hadi viwiko. Kila asubuhi Dakika hubana jichoni lenzi yake ya kazini, akamkagua mgeni ubavu kwa ubavu, kisha akaandika daftarini: "Siku ya tatu. Amekula. Hana doa."

"Mimi nikiumwa kichwa ananiambia ninywe maji," mkewe huwalalamikia majirani.

Mwaka huu alinunua samaki mdogo wa bluu. Siku ya nne ya karantini, dada yake mkubwa akaja kukaa wiki moja. Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki; alimwogesha, akampeleka shule, akamchapa ilipobidi. Katika miaka yake hamsini na miwili, Dakika hakuwahi kumwambia hapana.

Dada alitoka bafuni na taulo kichwani.

"Mdogo wangu, yule mtoto kafanya kosa gani?"

"Hana kosa, dada. Yuko karantini."

"Mwezi mzima, peke yake? Na mimi navua nguo ananikodolea macho! Angalau mngempa pazia."

"Utamzoea, wifi," mke wa Dakika alisema. "Mimi siku hizi naoga nimempa mgongo."

Dakika akaeleza taratibu. Ugonjwa wa madoa meupe hujificha. Samaki anaweza kuonekana mzima leo, keshokutwa akawaambukiza wote. Dawa yake ina shaba, na ukiitia kwenye tangi kubwa unawaua kamba na konokono. Dada alitikisa kichwa kwa huruma, naye Dakika akadhani ameelewa.

Siku ya sita, Jumamosi, alifunga duka saa saba mchana, akarudi nyumbani na kuhesabu samaki wake kama kawaida. Sita. Akazunguka upande wa pili wa kioo, kana kwamba huko wangekuwa wengi zaidi. Sita. Akapiga magoti kuchungulia chini ya kabati, maana samaki huruka.

"Umepoteza nini?" mkewe akauliza, mwiko mkononi.

"Mama Mwenye Nyumba hayupo!"

Mlango wa bafuni ukafunguka. Dada akatokea, amebeba bakuli la plastiki kwa mikono miwili, anatembea polepole asimwage maji. Ndani yake alikuwemo samaki wa njano.

"Acheni kelele, namrudisha. Nilimpeleka akampe mwenzake kampani kidogo. Wamekaa nusu saa, wameelewana vizuri."

Kutoka pale hadi kwenye tangi zilikuwa hatua tano. Dada akapiga moja, akapiga ya pili. Dakika aliona ulimi umekuwa mzito kama wa mtoto wa miaka saba.

"Dada, simama."

"Nini?"

"Hapana. Usimtie humo."

Mke wa Dakika aliushusha mwiko.

"Umeniambia nini?"

"Nimesema hapana, dada. Huyo sasa naye ni mgeni. Anarudi bafuni, na siku zinaanza upya. Moja."

"Mimi niliyekufuta kamasi, leo unanizuia njia kwa ajili ya samaki?"

"Ulinifuta, dada. Na bakuli nalo libaki bafuni."

Dada aligeuka, akarudi alikotoka, akaufunga mlango kwa kisigino. Mchana ule alikula jikoni na wifi yake, akizungumzia watu wanaosahau walikotoka, kwa sauti ya kusikika sebuleni.

Siku mbili baadaye samaki wa bluu aliamka na madoa matano kama chembe za chumvi. Kesho yake wa njano naye alikuwa na mawili. Dakika alimwita dada yake, akampa lenzi. Dada aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Ningemrudisha kule," alisema.

"Ungemrudisha."

"Wangekwisha wote." Akamrudishia lenzi. "Sasa umesimama tu? Dawa iko wapi?"

Wiki yake ikaisha, hakuondoka. Alijipa zamu ya kukagua asubuhi, na mlangoni akabandika karatasi: "Nawa kwanza. Hata wewe, wifi." Dawa ilifanya kazi. Doa la mwisho lilipotoka, Dakika akaanza hesabu ya tatu.

Siku ya thelathini ilipotimia, aliingia bafuni na wavu. Mama Mwenye Nyumba alikuwa akimfukuza wa bluu huku na huko, mzima kabisa. Dada akajaa mlangoni, mikono kiunoni.

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani, dada. Siku zimetimia."

"Doa la mwisho tuliliona limetoka saa saba na nusu mchana. Sasa hivi ni saa tatu asubuhi. Mpaka zitimie haingii mtu humu."

Dakika akauweka wavu chini.

"Na mimi nitaoga lini?" mkewe akauliza kutoka ukumbini, sabuni mkononi.

"Saa nne na nusu tu zimebaki, wifi," dada alisema. "Jikaze."