Barabara ya Mto Isiyo na Watu

Huku ughaibuni kuna barabara za mto kaskazini mwa jiji ambazo zimenitendea wema kuliko ndugu zangu wengi. Jumamosi asubuhi natoka nyumbani Columbia Heights na baiskeli, nashuka hadi Fridley, naufuata mto kuelekea juu, na baada ya muda nyumba zinaanza kupungua. Kinachobaki ni lami nyembamba, mto kushoto nyuma ya miti, mahindi na soya kulia. Magari ni ya kuhesabu kwa vidole. Mara nyingi ni mzee wa Kizungu na mbwa wake, ananyanyua kidole kimoja kwenye usukani kunisalimu, basi, hana swali lingine.

Asiyejua hudhani tambarare ni rahisi. Mimi nimezaliwa Machame, mlimani, ambako kuweka meza isiyoyumba ni kazi. Kwetu ukipanda kwa jasho, unalipwa wakati wa kushuka. Kwenye tambarare hulipwi na mtu. Ukiacha kukanyaga pedeli, umesimama. Na upepo ukija usoni hakuna kilima cha kuuzuia. Nimeutukana upepo huo kwa Kichaga, Kiswahili na Kiingereza, na haujawahi kunipisha.

Nilianza baada ya daktari kuniambia sukari imepanda. Mimi ni mfamasia. Nilikuwa nawapa watu dawa za kisukari huku mwenyewe nikihema kwenye ngazi kama beberu. Nikanunua baiskeli na kaptula ya kubana, ambayo mke wangu aliicheka mpaka akakaa chini, na sukari ikashuka.

Nilichosahau ni watu wetu. Kwao, Mwafrika mtu mzima akionekana hapa juu ya baiskeli ana jambo moja tu: polisi wamemkamata akiendesha gari amelewa, na leseni imekwenda. Mzungu akiendesha baiskeli yuko mazoezini. Sisi tukiendesha, tumeanguka. Tena tukienda kanisani mke wangu ndiye hushika usukani, kwa kuwa nikiendesha mimi hunifundisha njia nzima, nami nikachagua amani. Hilo nalo watu walikuwa wameliweka akilini.

Na pombe sijawahi kuionja. Pombe ilimmaliza kaka yangu mkubwa, akaacha mtoto wa kiume aliyekuwa hajamaliza hata shule ya msingi. Nilimleta huku nikamlea. Machame kila mtu anajua kilichomuua baba yake. Huku tulijua watatu, mimi, mke wangu na yeye. Alipopata mchumba, binti wa Kikenya, muuguzi, nilijua zamu yangu imefika. Ningeenda kumposea, na siku ya harusi ningekaa kwenye kiti cha baba. Kwa miaka yote ya kumpikia na kumsukuma asome, hicho kiti tu ndicho nilichokitaka.

Mjomba wa binti alinikuta kwenye barabara ya mto nimepata pancha. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye majani, tiubu mkononi. Akasimamisha gari, akashusha kioo.

"Mzee, sasa? Weka hiyo baiskeli nyuma nikudrop."

"Asante, ndugu yangu. Niko mazoezini."

Aliniangalia kwa huruma nyingi kuliko pancha ilivyostahili. "Ni sawa. Hata cousin yangu alipitia hiyo. Itaisha tu."

Nikamwambia itaisha sasa hivi, naziba tundu naondoka. Akatikisa kichwa, akaondoa gari polepole kama mtu anayetoka kumwona mgonjwa.

Tulipokwenda kuposa, nilifuatana na wazee wawili wa kanisa letu pamoja na kijana mwenyewe. Tulikaribishwa vizuri, sebuleni kwao Fridley, chai na mandazi. Baba wa binti alikaa kimya kama desturi inavyotaka. Msemaji wao alikuwa yule mjomba.

"Sisi hatuna ubaya na kijana," alisema. "Lakini msichana wetu hatuwezi kumpeana kwa nyumba iko na pombe."

"Pombe ya nani?"

"Mzee, nimekuona na baiskeli, na si mara moja. Huko kwa barabara ya mto, mahali hakuna watu. Kama ni exercise, si ungeride hapa kwa park kila mtu akuone? Mtu akitafuta barabara haina watu, kuna kitu anaficha."

Wazee wangu wakavitazama vikombe vyao. Nikatoa leseni mfukoni, nikaiweka mezani kando ya sahani ya mandazi. Mjomba akaichukua, akaigeuza, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hii kadi huwa wanakuachia. Ni kwa system ndio haifanyi kazi."

Nikamgeukia mwanangu. Ameendesha baiskeli nami kwenye barabara ile ile, ameona nikikataa hata divai ya harusini. Sentensi moja yake ingetosha. Akainamisha kichwa, akasema, "Tunamwombea."

Sebule nzima ikashusha pumzi. Mama wa binti akasema amina. Posa ikapokelewa papo hapo, kwa sharti kwamba nisimame kanisani mbele ya watu wa pande zote mbili, nishuhudie kuwa nimeacha. La sivyo, kiti cha baba wangemtafutia mtu mwingine.

Tulipotoka nje nilimshika mkono kwenye maegesho, nikamuuliza kwa nini.

"Baba mdogo, just listen. Niliwaambia baba alikufa kwa ajali. Nikibishana nao mambo ya pombe, wataanza kuuliza, watapiga simu nyumbani. Wewe uko hai, unaweza kusafishika. Yeye hawezi."

"Kwa hiyo nikaseme uongo madhabahuni."

"Si uongo. Utasema hunywi. Na kweli hunywi."

Asante ya punda ni mateke, lakini punda hasemi kwa sauti ya upole namna ile. Niliumia kiasi kwamba nilipofika nyumbani mke wangu alinisemesha nami sikusikia neno.

Kanisa tunaloabudia ni la kuazima. Wazungu wakitoka asubuhi, sisi tunaingia mchana. Nilipoitwa mbele nilikuwa nimeandaa sentensi mbili za kumalizia jambo. Nikasema Bwana Yesu asifiwe, watu wakaitikia. Kisha nikamwona, safu ya mbele, suti mpya, mkono wa binti ndani ya mkono wake, uso umeshaandaliwa kuguswa na ushuhuda wangu. Kwa hasira nikaziacha zile sentensi mbili.

Basi nikawapa ulevi. Nikasema nililala mferejini chini ya migomba, mvua ikininyeshea, na mtoto akatumwa aje anivute miguu. Nikasema niliuza sare yake ya shule wiki ya kufungua. Nikasema nilimpiga mbele ya wenzake kwa kuwa alinifichia gongo. Nikasema nilijikojolea ibadani, yeye akiwa amesimama kwenye kwaya ya watoto, na watoto wakamcheka. Yote hayo yalitokea, ila hayakunitokea mimi. Mle ndani mke wangu na yeye tu ndio waliojua nasimulia maisha ya nani. Mke wangu alifumba macho. Mimi nilimtazama kijana, nikasema polepole asikose neno.

Alilia kwa sauti. Watu wakasema, tazama anavyompenda baba yake mdogo. Mjomba akanikumbatia na kuniambia hajawahi kusikia ushuhuda kama ule.

Kiti nilikipata. Siku ya harusi mshereheshaji aliniita baba wa bwana harusi, nikasimama, nikapigiwa vigelegele. Ukafika wakati wa maharusi kuwalisha wazazi keki. Mwanangu alinikaribia na kipande kwenye uma, akatabasamu kwa ajili ya mpiga picha, akaninong'oneza, "Baada ya leo usinipigie simu."

Nikafungua mdomo, akanilisha. Sijampigia, wala yeye hajanipigia. Mke wangu aliitundika ile picha sebuleni, mimi na kijana tunacheka, keki katikati, na wageni wakiiona husema tunafanana.