Chupa Zilizosuuzwa Mara Tatu

Maabarani walimwita Mama Suuza, kwa utani. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa za utafiti kwa sabuni, kisha kuzisuuza mara saba. Aliifanya kwa miaka kumi na tisa, hata vidole vikasinyaa kama vya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

Mkuu wa maabara alichunguza bakteria waliotolewa kwenye udongo wa gereji uliolowa oili chafu. Bakteria hao hutengeneza kitu chenye povu, sabuni yao wenyewe. Alitaka kujua kama kitawaua bakteria sugu wa kidonda cha mgonjwa ambaye dawa zote zilikuwa zimegonga mwamba kwake.

Jumatatu, sahani ya majaribio ilionyesha duara safi, pana kama kifuniko cha soda: bakteria sugu walikuwa wamekufa. Watu wakakumbatiana. Ripoti ingetumwa kesho yake.

Mama Suuza hakushangilia. Wiki iliyotangulia mdogo wake alilazwa, naye kwa haraka akazisuuza chupa za jaribio lile mara tatu tu. Huenda iliyoua ni sabuni ya dukani iliyobaki ndani ya chupa. Na mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha mwezi uleule.

“Dada, funika kombe,” msaidizi wa maabara alimnong’oneza. “Nani atajua?”

“Mwenye kidonda atajua.”

Akaenda kwa mkuu, akaeleza yote.

“Mama! Leo ndiyo unaniambia?”

“Kusuuza vibaya ni kosa la wiki iliyopita, bosi. Nikinyamaza, la leo litakuwa kubwa zaidi.”

“Na mkataba wako unaukumbuka?”

“Naukumbuka. Ndiyo maana nimesimama karibu na mlango.”

Mkuu alicheka bila kutaka, kisha akaizuia ripoti.

Jaribio lilirudiwa kwa chupa zilizosuuzwa mara saba. Duara likapungua, likawa kama kifungo cha shati. Lakini lilikuwepo, na safari hii halikuwa la sabuni ya dukani. Walipoichanganya sabuni ile ya bakteria na dawa ya zamani iliyokuwa imeshindwa, dawa ikaanza kuua tena.

Kwenye ripoti mkuu aliandika kipimo cha duara dogo, na sababu ya kukitupa kile cha duara kubwa. Siku hiyohiyo akasaini mkataba wa Mama Suuza.

Wasomi tunapenda kupigiwa makofi kwa tunayoyagundua. Mwanamke huyu aliuhatarisha mkate wake ili mgonjwa asiyemjua asidanganywe. Sijui shahada inayofundisha hilo.