Hatua Nne Kutoka Dirishani

Mimi Bosire nilikuwa tarishi katika afisi moja ya ardhi huku kwenye majani chai, na nianze kwa kukiri kwamba hata leo nikilikumbuka dirisha la masjala yetu, uso unaniwaka. Lakini kisa si changu peke yangu. Ni cha Mama Elmina Chepkemboi, karani wa masjala, aliyezijua faili zaidi ya elfu mbili kwa kichwa, kama mama mwingine anavyowajua kuku wake.

Elmina hakupanga faili kwa namba wala kwa alfabeti. Alizipanga jinsi watu wanavyokaa. Shelfu ya juu ilikuwa mteremko wa Sosiot, boma baada ya boma, kama mtu anayeshuka kwa miguu. Ukifika mwisho wa shelfu umefika mtoni, unavuka kwenda shelfu ya pili. Bwana mkubwa akitaka faili ya arap Too, Elmina humuuliza, "Yupi? Wa juu ya kanisa ama wa pale kwa dipu ya ng'ombe?" Kisha huitoa kabla chai ya bwana haijapoa. Mimi Mkisii, mgeni wa njia hizo, nilipotea humo ndani kila nilipotumwa, naye alinicheka mpaka machozi. Alipoenda likizo, afisi nzima ililala. Nadhani hilo alilipenda. Nasi tulimsifu mpaka tukamharibu.

Mwaka wa 1994 akaanza kuja Caren. Alikuwa mke wa pili wa marehemu Johana arap Soi. Kabla ya kufa, mzee aliandikisha barua mbele ya chifu, akatia kidole, kwamba ekari mbili za chai upande wa Litein ni za Caren na watoto wake. Barua ililetwa kwetu ikatiwa kwenye faili. Mzee alipozikwa, vijana wa nyumba kubwa, nyumba ya Priscah, mke wa kwanza aliyekaa Sosiot, wakasema barua kama hiyo haijawahi kuwako. Bodi ya ardhi ikamwambia Caren ailete, la sivyo shamba liende.

Basi kila Jumanne alisimama dirishani na gambuti zake zenye tope. Elmina aliipapasa shelfu ya Litein, pale penye boma la Caren, akatikisa kichwa. Aliyerudi dirishani kumpa habari ni mimi. "Haijaonekana, mama. Jaribu Jumanne ijayo." Miezi kumi na minne. Mara nyingine nilimjibu hivyo kabla hata sijamuuliza Elmina, kwa kuwa nilitaka kuwahi chai na mandazi. Nimesema ninakiri, basi na hilo liwemo.

Novemba 1995 bodi ikaketi. Nyumba ya Priscah ikapewa kila kitu. Caren akafunga vyombo, akarudi kwa kaka yake upande wa Bomet, na siku za kukata rufaa zikapita hivihivi.

Juni iliyofuata tukaletewa mkufunzi kutoka Nairobi, Bi. Muthoni, msichana mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Siku tano za kutufunza kutunza kumbukumbu. Alisimama mbele yetu akaandika ubaoni: Mali bila daftari hupotea bila habari.

"Faili ni ya wananchi, si ya karani," akasema. "Madam Elmina, ukifa leo, kesho mtu atapataje haki yake?"

"Kwani nani amekuambia nataka kufa?" Elmina akajibu, nasi tukaangua kicheko. Nilicheka kuliko wote.

Bi. Muthoni hakucheka. Aliagiza kila faili iteremshwe, ipewe namba, iandikwe kwenye rejesta mpya. Elmina aliliona jambo hilo kama kubomolewa nyumba. Siku mbili nzima aliketi kwenye meza ya rejesta akiandika kwa hasira huku mimi nikishusha faili na kusoma majina.

Siku ya tatu, nikiwa kwenye shelfu ya juu, katikati ya Sosiot, nikasoma: "Johana arap Soi. Shamba la Litein."

Kalamu ikasimama.

Niliifungua faili. Barua ilikuwa juu kabisa, na alama ya kidole cha mzee, na muhuri wa chifu. Bi. Muthoni alikuwa upande wa pili wa chumba, hakuona kitu. Nilishuka nikaiweka mbele ya Elmina. Hakuigusa.

"Ni mimi niliiweka huko," akasema polepole. "Harusi ya kanisani ilikuwa ya Priscah. Nilikuwa kwa kwaya hiyo siku. Sasa faili ya mzee ningeiweka boma gani kama si kwa Priscah?"

"Na kuitafuta huko je, mama?"

"Ningeingiaje kwa Priscah kutafuta vitu vya yule mwingine?"

Alisema kana kwamba shelfu ina mlango, na Priscah amesimama hapo akimtazama. Nami nilimwelewa, ndilo jambo baya. Hakuificha barua. Aliona haya tu kubisha hodi kwenye boma la mbao na karatasi alilolijenga mwenyewe, na kwa haya hiyo mwanamke akakosa pa kulala.

"Tuandike tu namba," nikanong'ona. "Yaliyopita si ndwele." Naona aibu kwamba nilisema hivyo. Yeye aliandika namba, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, kisha akaenda kwa Bi. Muthoni, akamwambia faili iliyotafutwa sana imeonekana, akaomba nakala ya barua. Bi. Muthoni akamsifu mbele ya wote. "Mnaona? Siku tatu tu, na faili iliyopotea imepatikana!" Wakampigia makofi. Elmina aliinamisha kichwa kama mtoto anayechapwa.

Jumamosi tulikwenda Bomet, mimi na yeye. Caren alitukaribisha jikoni kwa kaka yake, akatupa chai ya maziwa, akaishika nakala kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, ila kidole cha mumewe alikitambua.

"Kongoi, Mama Elmina," akashukuru, na machozi yakamlengalenga. "Mumetafuta mpaka mukapata. Mungu awabariki. Sasa narudi kwangu?"

Nilikitazama kikombe changu. Ilibidi mimi nimweleze kwamba muda wa rufaa umekwisha. Maneno hayo nayo niliyasema kwa sauti yangu ileile ya dirishani, sikuwa na nyingine.

Elmina akasema, "Caren, usinishukuru. Haikupotea. Niliiweka mimi kwa shelfu ya Priscah, na sikuwahi kuangalia huko hata siku moja."

Caren alikunja karatasi mara mbili, taratibu.

"Zile Jumanne zote nikisimama kwa dirisha," akauliza, "ilikuwa mbali na mimi namna gani?"

Nilitaka Elmina aseme hajui. Nilitaka aseme ilikuwa stoo, ilikuwa Kericho, ilikuwa mahali popote. Lakini yeye hukumbuka kila kitu.

"Hatua nne," akasema.

Caren akaitia karatasi kifuani, akachukua ndoo akatoka kwenda kukamua. Hakutufukuza. Tulikaa pale na chai yetu mpaka ikaganda utando, tukisikia maziwa yakigonga ndoo, kisha tukasikia yamekoma, na hakurudi ndani.